Kiingereza cha Kuombea Mifupa

Siku moja kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote, Bi Obdulia alikuwa makaburini anasugua kaburi la mumewe kwa jiki na mswaki wa zamani, pale mumewe alipotokea nyuma yake akichuruzika maji na kumuuliza anasafisha mlango wa nani.

"Wako," alisema Obdulia bila kugeuka. "Na usinikanyagie hapo, nimeshasuuza."

Makaburi ya Valdecorza Mpya yamejengwa ukutani, safu juu ya safu, kila maiti na mlango wake wa marumaru wenye jina. La Leoncio, mumewe, lilikuwa safu ya pili, usawa wa kifua, mahali pazuri kwa mjane wa karibu miaka themanini kwa kuwa hapahitaji ngazi wala kupiga magoti. La ubavuni mwake lilikuwa tupu. Obdulia alikuwa amekwisha kulinunua na kulichongea jina lake na mwaka wa kuzaliwa, na kila mwaka alilisugua nalo, kwa sababu hakutaka kuja kuhamia nyumba chafu.

Leoncio alikuwa na umri uleule aliokufa nao, umri wa kijana aliyepigwa teke la tumbo na nyumbu mwaka mmoja kabla ya bwawa la umeme kufungwa na maji kukifunika kijiji cha zamani. Maji yalimtoka kwenye mikono ya koti alilozikwa nalo. Mfukoni mwake mlikuwa na samaki mdogo. Obdulia alimtoa samaki akamtia kwenye chombo cha maua, akajifuta mikono kwenye aproni, kisha akasubiri kuelezwa.

Leoncio alieleza kwamba yeye hakai humo na hajawahi kukaa humo. Yuko kulekule walikomzika, nyuma ya kanisa la Valdecorza ya zamani, chini ya maji yote yale, yeye na mama yake Obdulia na wengine wote. Watu wa kampuni ya umeme, mwaka ule wa kufunga bwawa, waling'oa mawe yenye majina, wakajaza masanduku kwa kokoto za mtoni, wakayapigilia misumari. Padre akayanyunyizia maji ya baraka, na kijiji kizima kikayasindikiza mpaka huku juu.

"Mimi nililia mpaka sauti ikakauka," alisema Obdulia.

"Nilikusikia. Ulikuwa unalilia kokoto."

Aniano, mtunza makaburi, alikuja na tindo na nyundo akaufungua mlango. Walivuta sanduku, wakainua kifuniko. Zilikuwa kokoto nzuri, za mviringo, zinazolingana. Aniano alisema angalau walijisumbua kuzichagua. Obdulia alimwomba arudishe kila kitu mahali pake, kwa sababu kesho yake ilikuwa sikukuu na watu wangekuja na maua, na haipendezi kaburi kukaa wazi mbele za watu.

Alimuuliza mumewe kama hawezi tu kuingia humo akalala, maadamu amekwisha kupanda mlima. Leoncio alisema amejaribu. Mtu hulala palipo na mifupa yake. Ukijilaza pengine, alfajiri unajikuta umerudi ulikotoka, na nguo zimelowa upya.

Kuanzia jioni ile wafu wa Valdecorza walianza kupanda kutoka bwawani jua likishazama, kila mmoja kwenda kwa watu wake. Walikaa kidogo jikoni karibu na moto, wakaulizia habari za mashamba ambayo hayapo, wakarudi kabla mitambo ya umeme haijafunguliwa, kwa kuwa mitambo ikifunguliwa mkondo wa chini huwa mkali. Hakuna aliyewalalamikia isipokuwa kwa ajili ya sakafu. Dukani mabeseni yaliisha, na matambara ya kupigia deki yakapanda bei.

Bi Herminia, jirani wa Obdulia, alirudishiwa baba yake, mzee mkimya aliyekuwa anakaa na kofia yake magotini akisubiri maji yaishe kutoka kofiani, na hayakuisha. Herminia aliona Obdulia ndiye aliyebahatika.

"Shoga, umepata kijana," alimwambia wakiwa kibarazani. "Ukipita naye barabarani watasema ni mjukuu."

"Waseme. Mjukuu gani anayejua nina kovu wapi?"

Leoncio alikuwa mtu wa vitendawili tangu uhai wake, na kifo hakikumbadilisha. Jioni hiyo alitega kimoja: kijiji kimelala gizani, na kwa sababu kimelala, taa zinawaka mjini. Herminia alijibu kabla hajamaliza. Ni Valdecorza, alisema, na hicho si kitendawili, hiyo ni bili ya umeme.

Mwezi wa Januari daktari alimpima Obdulia moyo akamwambia asipange mambo ya majira ya baridi yajayo. Alimwambia kwa upole, na Obdulia akamshukuru, akampelekea mayai. Tangu siku ile alikuwa na jambo moja tu. Alitaka maji yashushwe kiangazi, hata kwa wiki chache, mpaka nyuma ya kanisa paonekane, ili Aniano ashuke na koleo amtoe Leoncio, amweke kwenye nyumba ambayo yeye Obdulia ameisugua muda wote huu. Halafu zamu yake ikifika, alale ubavuni mwake. Yeye kushushwa majini isingewezekana. Bwawa ni mali ya kampuni, na kuzika humo ni kuchafua mali ya watu.

Alikwenda kwa meya. Meya wetu wakati ule alikuwa Eutimio, mtu ambaye kampuni ilimjengea nyumbani kwake bwawa la kuogelea lenye maji ya moto, na tangu hapo akawa haoni ubaya wa maji yoyote. Alimsikiliza Obdulia akiwa anakata kucha. Alimwambia kwamba kampuni ile ya zamani haipo tena. Iliuzwa kwa nyingine, na hiyo nyingine ikauzwa, na wenyewe wa sasa wako mbali. Lakini ni watu wema. Kila mwaka, mwezi wa Mei, wanafanya Siku ya Kusikiliza, na mtu yeyote anaweza kusema lililo moyoni mwake mbele ya mashine ya kurekodi sauti, almradi aseme kwa Kiingereza, kwa kuwa wenye kampuni hawana muda wa kutafsiriwa.

"Mngekuwa mmesoma," alisema Eutimio, "wafu wenu mngekuwa nao siku nyingi."

Zilikuwapo fedha za serikali za kuwafundisha wanavijiji Kiingereza cha kupokea wageni, na zilikuwa hazijaguswa kwa sababu hakukuwa na wageni. Eutimio akazigusa. Mwalimu akawa mpwa wake Noelia, msichana aliyekaa msimu mmoja Dublin akilea watoto wa daktari wa meno, akarudi amesahau baadhi ya maneno ya nyumbani. Alikuwa akisita katikati ya sentensi, anapiga vidole, anauliza watu hiki kitu huku kinaitwaje. Hicho kitu kilikuwa kijiko.

Darasa lilikuwa chumba cha juu cha ofisi ya meya, penye jiko la kuni. Walikuja jioni wanawake wa rika la Obdulia, wengi wao wamevaa nyeusi, na Aniano, na nyuma kabisa, ukutani, walisimama wafu, ili wasiloweshe viti. Noelia aliwaambia siku ya kwanza kwamba vinywa vyao vimezeeka na yeye hafanyi miujiza. Kisha akaanza na somo la kumwagizia mgeni chai na mkate.

Obdulia alinyanyua mkono. Alisema kwa heshima kwamba wao hawana haja ya chai. Wanataka Kiingereza cha kuombea mifupa.

Noelia alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Akafungua kitabu mahali penye nyakati za vitenzi.

Aliwafundisha ule wakati ambao Waingereza wanautumia kwa jambo lililoanza zamani na bado halijaisha. Watu wa lugha yetu husumbuliwa sana nao. Wanao wakati wao unaofanana nao sura, basi wanautia mahali ambapo Mwingereza hautii, na vijana wengi wameanguka mitihani kwa ajili hiyo. Wanawake wa Valdecorza waliona ni wakati wa kawaida tu. Kila mmoja alisimama akatoa mfano wake. Mume wangu amekuwa chini ya maji tangu nikiwa msichana. Mama yangu amekuwa chini ya maji tangu harusi ya dada yangu. Noelia alisema sarufi ni sahihi, ila angependa mfano mmoja, hata mmoja tu, uhusu hoteli.

Somo la usemi wa taarifa lilikuwa gumu zaidi. Noelia aliandika ubaoni kwamba ukirudia maneno ya mtu kwa Kiingereza, unayasogeza nyuma hatua moja, la leo linakuwa la siku ile, la kesho linakuwa la siku iliyofuata. Akaomba mtu ampe maneno halisi yaliyosemwa na mtu mwingine. Leoncio, kutoka ukutani, akamwambia maneno ya injinia mkuu wa bwawa, ambayo wote waliozikwa nyuma ya kanisa waliyasikia kwa sababu injinia alikuwa amesimama juu yao alipoyasema. "Kesho tutawatoa wote, hatutaacha hata jino." Hayo aliwaambia wanakijiji. Walipoondoka aliwaambia vibarua wake, "Leteni kokoto."

Darasa likayageuza. Alisema kwamba siku iliyofuata wangewatoa wote, kwamba wasingeacha hata jino. Aliwaambia walete kokoto. Noelia alitia alama ya vema kwenye sentensi zote mbili, akamsahihisha Leoncio matamshi. Akauliza kama kuna swali. Herminia aliuliza kama kwa Kiingereza, mtu aliyesema uongo na mtu aliyesema kweli wanasogezwa nyuma hatua ileile. Noelia alisema ndiyo, sheria ni moja. Herminia akasema basi hiyo sheria imetungwa na watu wa kampuni.

"Mama, andika tu," alisema Noelia.

Mambo yalikaa sawa walipofika kwenye sentensi za masharti, na yaliharibika hapohapo. Noelia, ili asipoteze sauti yake, alikuwa anasoma nusu ya kwanza ya sentensi na kuwaachia wao wamalizie. Kama mvua ikinyesha, anasema yeye. Tutakaa ndani, wanaitikia wao. Wanawake hawa walikuwa wamesali rozari pamoja kila jioni tangu utotoni, mmoja anaongoza nusu ya kwanza na waliobaki wanaitikia ya pili, na hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Masharti yote ya Kiingereza yakawaingia kwa sauti ya rozari, kwa mwendo wa rozari, na pumzi ikikatwa pale inapokatwa kwenye rozari. Obdulia, aliyekuwa mwongozaji kanisani, akawa mwongozaji darasani, na Noelia akapata nafasi ya kukaa karibu na jiko na kupaka kucha rangi.

"Kama mkishusha maji," anaanza Obdulia.

"Tutawatoa watu wetu," wanaitikia wote, na wafu nyuma.

"Kama mngekuwa na huruma."

"Mngeyashusha leo."

"Kama msingalituwekea kokoto."

"Tungalilala na wetu."

Walikuwa wanaisema jikoni, wanaisema kwenye foleni ya mkate. Obdulia alikuwa anapumzika mara tatu kwenye ngazi za darasani, kisha mara nne, na Leoncio akawa anapanda nyuma yake bila kumshika, kwa sababu ana baridi na daktari amekataza baridi. Alimwambia asijichoshe, yeye amezoea huko chini.

"Mimi sijazoea," alisema Obdulia. "Kitanda nimekwisha kutandika. Sasa nilale na kokoto?"

Noelia alikuwa amewaona wanavyosema na hakuwaambia kitu. Alimwandikia mjomba wake kwamba maendeleo ni mazuri kupita matarajio.

Siku ya Kusikiliza ilifika. Mwakilishi wa kampuni alikuwa Borja Ansúrez, mtu wa Madrid, mwana wa mtu wa Madrid, ambaye Kiingereza chake kilikuwa na lafudhi ileile ya Aniano, ila kimevaa tai. Aliingia ukumbini akauliza kwa lugha ya nyumbani choo kiko wapi. Akaonyeshwa, akashukuru, akarudi, akawasha mashine ya kurekodi sauti, na kuanzia hapo akawa haelewi neno la lugha aliyonyonya nayo. Herminia alimpa karibu, kama anavyomkaribisha mtu yeyote. Borja alitazama juu ya kichwa chake, akasubiri apewe karibu kwa Kiingereza.

Shughuli ilikuwa jioni, kwa hiyo wafu walikuwapo. Maji yalienea sakafuni mpaka chini ya meza kuu. Borja alinyanyua mkoba wake akauweka mezani, akakunja kidogo miguu ya suruali, akaendelea kusoma hotuba. Alisema kampuni inathamini kumbukumbu. Alisema hata bibi yake mwenyewe alitoka kijijini.

Alipowapa nafasi, Obdulia alisimama akaanza, na ukumbi mzima ukaitikia. Borja alinyanyua kiganja. Alisema inapendeza sana, ila taratibu zinataka mtu mmoja mmoja. Kwaya haihesabiwi kuwa lalamiko. Kila mtu ataje jina, aseme sentensi yake peke yake, nzima, wengine wakiwa kimya.

Aliitwa Herminia. Herminia alitaja jina lake, akafungua mdomo, akasubiri nusu ya kwanza. Haikuja, kwa kuwa Obdulia alikuwa amekatazwa kusema. Herminia alifunga mdomo akakaa. Aliitwa Aniano, akataja jina, akasubiri, akakaa. Waliitwa wengine wote, na kila mmoja alisimama wima na nusu yake ya pili tayari kinywani, kama mtu aliyeshika mkia wa kamba akingoja mwenzake avute, akaketi nayo. Noelia alikuwa mstari wa mbele anatazama kucha zake. Eutimio alikuwa anatabasamu, akimwonyesha Borja kwa macho kwamba ndio watu wenyewe hawa, na yeye anaishi nao.

Akabaki Obdulia. Alishika ukingo wa kiti cha mbele.

"Kama mkishusha maji kiangazi hiki," alisema kwa Kiingereza safi.

Akanyamaza. Nusu ya pili alikuwa anaijua kuliko mtu yeyote humo ndani. Lakini tangu alipokuwa msichana kazi ya kinywa chake ilikuwa kuanza, na mahali pale alipofika ndipo siku zote alipokuwa anavuta pumzi wakati wengine wanasema. Alivuta pumzi. Hakuna aliyesema.

"Ndiyo, mama?" alisema Borja. "Mkishusha maji, halafu?"

Aliyejibu ni Leoncio, kutoka ukutani. "Mtatulaza pamoja."

Borja aliinamisha kichwa kwa adabu akaeleza kwamba Siku ya Kusikiliza ni ya wakazi, na mkazi ni mtu mwenye bili ya umeme. Akaomba maneno hayo yafutwe kwenye rekodi. Obdulia alikaa. Leoncio alitazama viatu vyake, dimbwi likiendelea kupanuka kuvizunguka.

Kilichobaki kilikuwa kufunga. Borja alifungua karatasi yake ya mwisho akasoma kwamba kampuni imesikia maneno mengi kuhusu yaliyotendwa na wamiliki wa zamani, kwamba wamiliki wa sasa hawakuwapo, na kwamba inasikitisha.

"Kama tungalijua," alisoma, akanyamaza kugeuza ukurasa.

"Mngalifanya yale yale," uliitikia ukumbi mzima, walio hai na waliokufa, kwa sauti moja, bila haraka, kwa mwendo wa rozari.

Aniano akasema amina, kwa mazoea.

Mashine ilikuwa inazunguka. Borja aliacha karatasi yake nusu imegeuzwa. Alimtazama Noelia, akamtazama Eutimio, kisha uso wake ukafunguka akapiga makofi. Alisema amezunguka vijiji vya mabwawa yote ya kampuni na hajasikia sharti la wakati uliopita likitamkwa vizuri namna ile, kiambishi kwa kiambishi, na watu wa umri ule. Wenye kampuni watafurahi mno. Aliomba wairudie kwa ajili ya mashine. Akasoma tena nusu yake, nao wakamjibu tena, kwa kuwa hawakujua namna ya kutomjibu.

Majibu yalikuja mwezi wa Juni. Kampuni iliwapongeza wakazi wa Valdecorza Mpya kwa kiwango chao cha Kiingereza, ambacho kilionyesha kwamba wako tayari kupokea wageni. Maji yasingeshushwa, kwa sababu kiangazi ni msimu wa mashua. Lakini kwa kuwa imebainika kwamba kuna wazee na watu waliolowa wanaoutumia mteremko wa bwawani nyakati za jioni, na kampuni inajali usalama wa watumiaji wote, ingeweka reli ya chuma ya kushikilia kutoka barabarani mpaka majini, pamoja na zulia la mpira la kujifutia miguu. Noelia alipewa kazi mjini. Wanafunzi wote walipewa vyeti. Hata baba yake Herminia alipewa, akakishika juu ya kofia mpaka wino ukaondoka.

Reli iliwekwa mwezi wa Agosti. Ilikuwa reli nzuri, ya chuma cheupe kisichoshika kutu, na nembo ya kampuni kila baada ya hatua chache. Palikuwa na bendi na soseji za kuchoma. Eutimio alikata utepe akasema siku hii imengojewa na vizazi. Wafu walikuwa wamekwisha kufika ukingoni kabla ya hotuba kwisha, wakasubiri majini mpaka kiunoni, kwa kuwa si adabu kupita kwenye utepe ambao haujakatwa. Ulipokatwa walipanda mmoja mmoja wakiishika reli, wakajifuta miguu kwenye zulia, na zulia halikusaidia kitu.

Obdulia hakwenda kwenye sherehe. Alikuwa kitandani. Leoncio alikaa kwenye kiti cha jikoni kilicholetwa mlangoni mwa chumba, mbali kidogo, kwa sababu ya baridi yake, na kila jioni alimtegea kitendawili ili asilale mapema. Jioni moja alitega hiki: nimenunua nyumba mbili zenye ukuta mmoja, na jirani yangu ni mto.

Obdulia alisema hicho ameshalijua jibu lake, atege kingine. Leoncio hakuwa na kingine.

Obdulia alikufa mwezi wa Oktoba, baridi haijaanza, kama daktari alivyosema. Aniano alimwingiza kwenye safu ya pili, usawa wa kifua, ukutani kwake upande wa kulia kukiwa na sanduku la kokoto zinazolingana. Kaburi halikusuguliwa kwa jiki siku hiyo, lilikuwa safi.

Jioni ya pili yake Leoncio alipopanda kutoka bwawani alimkuta amekaa kwenye ngazi ya makaburi, mkavu, nywele zimechanwa, na gauni lake jeusi la heshima. Alitaka kumshika mkono. Obdulia alimwambia asimloweshe, gauni ni jipya, kisha akampa mkono. Walikaa. Herminia aliyekuwa anapita na mkate aliwasalimu, akamuuliza Obdulia kama kuta zina unyevu, akajibiwa hapana, ni pakavu, pakavu sana.

Saa ya mitambo ilipokaribia walishuka pamoja, kila mmoja akishika reli upande wake. Obdulia alifika mpaka palipo na maji. Aliingiza mguu mmoja, na alfajiri ile akajikuta ukutani, kiatu kimoja kimelowa. Jioni iliyofuata hakuingiza tena. Alisimama kwenye zulia la mpira mpaka kichwa cha Leoncio kikapotea, akapanda peke yake. Ndivyo wanavyofanya mpaka leo. Akija bwana wa kampuni kukagua reli wanampisha.

Mmoja wa mabwana hao aliwapiga picha kwa nyuma, na mwezi wa Desemba ikatokea kwenye jalada la kalenda ya kampuni: kikongwe mkavu na kijana aliyelowa, na katikati yao reli inang'aa. Kalenda zilikuwa za bure, na siku za mapumziko zilikuwa zimeandikwa kwa wino mwekundu, kwa hiyo kila nyumba ya Valdecorza Mpya iliitundika jikoni. Chini ya picha kampuni ilikuwa imeandika kwa Kiingereza kwamba inawaunganisha watu. Wanawake waliisoma wenyewe. Ilikuwa sentensi nyepesi, ya wakati uliopo, isiyo na sharti lolote, na hakuna aliyehitaji kumsaidia mwenzake.